Maharagwe ya Shamba la Mulekera

Katika miaka hiyo ya vita nilikuwa nikiandika tasnifu ya udaktari kuhusu mbegu ambazo familia hubeba zinapokimbia, na zile ambazo huziacha. Nyumbani kwetu Vulamba, Butembo, walinitania kuwa mimi ni docteur asiyeponyesha mtu. Nilicheka nao, lakini neno lile liliniingia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo.

Blogu nilijifunza kuitengeneza peke yangu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nilitaka watu wasome utafiti wangu kabla haujafungiwa kabatini. Tatizo ni kwamba naogopa kukosea. Kila makala niliisoma hadi ikanichukiza, na nyingi sikuzitoa kamwe.

Moja niliitoa kwa ajili ya mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Yeye na mume wake walikimbia Mulekera, upande wa Beni, wakaja kuishi kwetu. Walifika na godoro na sufuria. Maharagwe yao ya mbegu yalibaki yakining'inia juu ya moshi wa jiko, ya aina ambayo mama mdogo alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na sokoni Butembo hakuwahi kuyaona. Aliyataka kuliko nguo. Sikuwa na picha ya maharagwe hayo, basi nikayachora ili niwaulize wasomaji kama kuna aliye nayo.

"Hapana," alisema akiangalia mchoro. "Hapa ulichora yayi ya ndege."

"Nilifuata vile ulisema, mama mudogo."

"Donc basi ulifuata mubaya. Futa."

Nilifuta na kuchora, nikafuta tena, hadi yeye mwenyewe akachoka.

"Tuma sasa. Batu benye banasoma hawana macho mubaya kama yako."

Mwanamke mmoja wa Alimbongo alijibu chini ya makala. Mama mkwe wake aliwahi kupewa mbegu hizo huko Beni, na kwao ulibaki mfuko mmoja tu, maana siku hizi walilima viazi. Aliahidi kuutuma kwa gari la viazi. Nilipomsomea, mama mdogo aliinuka. Alikwenda kwa jirani kuomba kipande cha ardhi, akaanza kukilima siku ile ile.

Mume wake ndiye hakungoja. Alirudi Mulekera kung'oa mihogo, watu wenye silaha wakamuulia katika shamba lake mwenyewe. Mwili uliletwa hadi Butembo.

Kwetu hakuna anayekuja kwenye matanga mikono mitupu. Huyu analeta unga, yule makaa, mwingine maharagwe, na kinachoingia uani kinakwenda jikoni bila kuulizwa kimetoka wapi. Tulipokuwa makaburini, dereva wa gari la viazi alifika, akaona turubai, akavua kofia. Akawakabidhi mfuko akina mama wa shirika, majirani zetu wa kanisani waliobaki kupika. Wakamshukuru na kumwombea safari njema. Wangejuaje?

Tuliporudi tukanawa mikono, tukagawiwa chakula. Nilikwenda jikoni kutafuta maji, nikaona mfuko mtupu umekunjwa vizuri kando ya kuni. Juu yake kulikuwa na jina la blogu yangu. Kwenye ungo, pamoja na vijiwe, yalibaki maharagwe machache waliyoyakataa, yametobolewa na wadudu.

Nilirudi kwa mama mdogo. Alikuwa amekaa mkekani, kijiko kimesimama katika sahani. Aliuona mfuko mkononi mwangu.

"Najua," alisema. "Nilionja."

"Nitamuandikia yule mama, atume ingine."

"Si alisema ule mufuko njo ya mwisho?"

Alikula taratibu hadi akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha bugali.

Siku zilizofuata, wasomaji waliuliza kama mbegu zilifika, na mwanamke wa Alimbongo naye aliuliza. Nilianza makala, nikaivunja, nikaianza tena. Mama mdogo alikuja akasimama nyuma yangu.

"Ungali nafuta?"

"Sijue niandike nini."

"Andika kwamba bale balikuya kumulilia bwana yangu, balikula maharagi ya shamba yake."

Niliyaandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili chetu, bila kugusa neno. Mchoro niliuondoa. Mahali pake niliweka picha ya yale machache yaliyotobolewa. Kwenye tasnifu pia ni hiyo hiyo, kwa sababu nyingine sina.