Chanjo Niliyoifuta kwa Wivu

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya moyo, mjini Kitale, nilifika saa moja kasoro asubuhi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama lenyewe. Daktari Mkuu, mtu mfupi asiyecheka, alinitazama kuanzia viatu akauliza, "Unajua kusikiliza?" Nikadhani ananiuliza habari za adabu. Kumbe alimaanisha kusikiliza moyo. Akanisimamisha mbele ya mgonjwa, nikasikiliza kifua, nikamwambia kuna valvu inayovuja. Akaguna tu. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Enzi hizo sisi madaktari wa moyo tulijiona sana. Kazi yetu ilikuwa kupima umeme wa moyo, kuutazama ukipiga kwenye skrini ya eko, na kutoa vidonge vya kukojoza maji yanayojaa miguuni na mapafuni moyo ukichoka. Mgonjwa akikohoa, tulimwonyesha njia ya dispensari. "Homa si kazi yetu," Daktari Mkuu alisema. "Ukianza kutibu mafua, kesho utaombwa ung'oe meno." Tukacheka. Chanjo ya homa ya mafua tulijua ipo, hata kwenye friji yetu ilikuwemo. Hakuna aliyesema ni mbaya, lakini hakuna aliyeiandika. Kila mmoja alidhani mwenzake ataiandika.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma kwa miaka minne, na huko ndiko nilikomfundisha Nanjala. Alikuja hajui hata kushika kifaa cha eko. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Niliporudishwa Kitale kuwa mkuu wa kliniki, yeye alibaki Bungoma akapanda cheo. Ndipo akaanza mambo yake. Kabla hata ya kupima presha, anauliza: "Umechanjwa homa?" Aliwaeleza wazee kwa maneno ya nyumbani: "Moyo wako ni punda mzee, mama. Homa ni gunia la ziada." Kisha anawadunga hapo hapo.

Walimpenda, ai! Wagonjwa wangu wa Kitale wakaanza kupanda gari kwenda kwake. Nilimwonea wivu, sitafuti neno tamu. Mwanafunzi wangu! Mtu akisema "Daktari Nanjala amesema," chai yangu iligeuka shubiri. Eti yeye ndiye amegundua homa?

Kwetu mgonjwa hutembea na daftari, lile la watoto wa shule, na kila daktari huandika humo ili atakayefuata asome. Mama Selina, mjane mkulima wa Endebess, alikuwa mgonjwa wangu kwa miaka tisa. Moyo wake ulikuwa umechoka lakini mdomo haukuchoka. Alinitania kila siku ya kliniki na kuniletea maziwa lala. Mwaka mmoja alienda Bungoma kumtembelea bintiye, pumzi ikambana, Nanjala akamtibu. Aliporudi kwangu nilifungua daftari nikasoma: "Achanjwe homa kabla ya baridi ya Julai. Kwetu zimekwisha, Kitale mnazo. Asante, mwalimu."

Ati ananituma! Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya maneno yake, nikaandika chini: "Si lazima."

"Lakini daktari," Mama Selina akasema, "si yule wa Bungoma amesema mko nayo?"

"Mama, nani anakujua, mimi ama yeye?"

"Ni wewe, daktari."

"Basi kunywa dawa zako."

Julai wajukuu walileta homa kutoka shuleni. Watoto walipona kwa siku tatu. Yeye aliletwa kliniki midomo imekuwa buluu, mapafu yamejaa maji. Nilimwekea oksijeni, nikampiga sindano za kukojoza, sikutoka kando ya kitanda. Siku ya nne, adhuhuri, alifariki. Siwezi kuapa kwamba chanjo ingemwokoa, maana waliochanjwa pia huugua. Lakini alikuwa na nafasi, na mimi ndiye niliyemnyima.

Wiki hiyo hiyo Nanjala alinipigia simu. "Pole, mwalimu. Ile chanjo alipata?"

Ulimi ukanitangulia. "Alikataa. Si unajua wazee."

"Jamani! Mama wa watu," akasema. Akaniamini. Daftari nililifungia kabatini.

Karibu na kustaafu kwangu, madaktari wa moyo tulikutana Bungoma kuzungumzia chanjo hiyo. Wengine walisema haiwahusu, wengine walisema wagonjwa wataogopa. Nanjala akasimama. "Kuna mama wa Endebess aliyekataa, tukamzika. Mwalimu wangu yuko hapa, alijaribu kumshawishi." Wenzangu wakanigeukia kwa huruma. Alipomaliza walimpigia makofi marefu, na Mungu anisamehe, hata saa ile nilichosikia kifuani ni wivu kwamba makofi ni yake.

Sasa nafuga ng'ombe wawili nje kidogo ya mji. Nyinyi madaktari vijana mnaandika chanjo bila kubishana, nami nafurahi, ingawa bado nikisikia jina la Nanjala nageuza mazungumzo. Mganga hajigangi. Msinifuate katika hilo: mwenzako akiandika jambo jema, litekeleze, hata kama ulimfundisha wewe kushika kalamu.

Mwezi uliopita binti ya Mama Selina alinipigia. Kisa cha mama yake sasa husimuliwa kliniki nzima huko Bungoma. "Daktari," akauliza, "ni kweli mama alikataa sindano? Hakuwa mkaidi hivyo." Nikamwambia ng'ombe wanangoja kukamuliwa, nikakata simu.

Mwanangu, soma hapa. Mama yako hakukataa. Siku ile, kabla sijafungua daftari, alikuwa ameshavua sweta na kukunja mkono wa blauzi. Mimi ndiye niliyemwambia avae.