Mwenye Pasi Hii Hana Vidole

Mtu akiniambia karani fulani ni mpole, mimi naanza kutafuta mlango wa kutokea. Wakali siwaogopi. Mkali anakufokea, na wewe unamfokea, mnajuana. Aliyemmaliza jirani yangu alikuwa mpole, wa kukuita "mzee wangu" na kukuvutia kiti ukae.

Jirani mwenyewe tulimwita Pimamaji. Alikuwa fundi wa vigae, na mafundi wa vigae wana pimamaji, kile kifaa chenye kiputo cha hewa ndani, cha kupimia kama sakafu imelala sawa. Yeye alikuwa na chake kichwani. Akiingia nyumba ya watu anaangalia sakafu kwanza, salamu baadaye. Siku mume wangu alipomleta kwetu mara ya kwanza, alisimama mlangoni, akainamisha shingo upande, akasema, "Shemeji, sebule yako inakwenda dirishani."

"Basi ifuate," nikamwambia, "ukifika huko unifungulie pazia."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo akawa mtu wetu.

Sote ni wageni katika nchi hii, tumetoka nchi moja. Mimi nasuka nywele, saluni yangu iko chini ya jengo. Sisi tunakaa ghorofa ya kwanza, na yeye alipanga chumba juu yetu. Starehe zake zilikuwa za bei nafuu. Drafti ya vizibo vya soda na mume wangu, huku wanatukanana kama maadui. Mpira redioni. Siku ya mapumziko anavaa shati lake la kola, anakwenda kwenye maduka makubwa ya matajiri, hanunui hata pipi. Anatembea tu, macho chini, akiguna kila akiona kigae kilichopandishwa. Walinzi walishamzoea, walidhani hana akili timamu.

Nyumbani alimwacha mama yake. Yeye ndiye kitindamimba, na yule mama alikuwa amekula chumvi nyingi, macho yamekwisha kabisa. Mwaka huo kifua kikamlaza. Kaka yake mkubwa alipopiga simu hakuulizia dawa wala nini. Alisema, "Mama anakuuliza wewe tu. Anaulizia hata usingizini." Pimamaji akija chini kwetu baada ya simu hizo, drafti haichezeki, anasukuma vizibo ovyo. Alitaka kumwahi mama yake yu hai. Hilo tu, hakuwa na lingine alilolitaka duniani.

Na kwa nini asiende siku zote hizo? Mnauliza kama watu wasiowahi kukaa ugenini! Kibali cha ukaazi kikiwa hai, pasi imekufa. Pasi ikifufuka, kibali kinakata roho. Miaka inapita mtu anahangaika na picha za paspoti na mihuri, anazeeka foleni. Safari hii kibali kilikuwa kizima, pasi ndiyo imeisha, na pasi mpya hazitolewi mpaka mashine isome alama za vidole. Akaenda ubalozini kwetu.

Karani alikuwa kijana, mtanashati, ananukia vizuri. Akamwambia weka kidole kwenye kioo. Mashine ikawaka nyekundu. Futa kidole, weka tena. Nyekundu. Kingine. Nyekundu. Vyote vikapita pale kimoja kimoja, mashine imekasirika vile vile.

"Mzee wangu, wewe huna alama," karani akasema.

"Ninazo. Nimezaliwa nazo."

"Sasa umezipeleka wapi?"

"Ziko kwenye sakafu za watu," Pimamaji akamjibu.

Hakuwa anatania. Kigae ukishakipanga, unaziba mianya kwa saruji nyeupe, halafu unafuta na sifongo iliyolowa, unafuta, unafuta, na ile saruji inakula ngozi kama msasa. Wengine wanavaa glovu. Yeye hakuzitaka, alisema ukivaa glovu hukisikii kigae kilipoinuka. Kweli kazi yake ilikuwa safi, hata kucha hainasi. Nilivigeuza vidole vyake pale saluni, nikaona vimeng'aa kama kijiko.

Karani akamwambia apumzishe mikono, ajaribu tena. Basi kila jioni akawa anakuja kwangu kuloweka. Maji ya vuguvugu, mafuta, glovu za nailoni juu. Anakaa kati ya wanawake wenye rola vichwani, mikono ndani ya beseni, na wale wateja wangu hawana dogo. "Fundi, tukupake na rangi?" "Fundi, harusi lini?" Yeye anacheka, lakini kila baada ya muda anatoa kidole, anakiinua kwenye taa, anakikazia macho. Mara moja nilimsikia anakiambia kile kidole, kwa sauti ndogo, "Njoo basi." Nikajifanya natafuta kitana.

Akarudi ubalozini. Nyekundu tena. Akamweleza yule kijana habari za mama yake, na machozi yakamtoka, mtu mzima. Karani akaingiwa na huruma. Akaangalia kushoto na kulia, akabonyeza bonyeza kompyuta yake, akasema, "Nimeshakupitisha. Usimwambie mtu nimekusaidia." Pimamaji alirudi kwetu anamwombea dua yule kijana, ukoo mzima, mpaka watoto ambao hajawazaa. Pasi ikatoka. Tukaishika sote, tukainusa, ina harufu ya kiatu kipya.

Sasa sikilizeni wenzetu. Sisi wa ugenini tuna mtindo wetu: mmoja akikata tiketi, begi lake si lake tena. Habari zilienea kabla hata hajawaambia watu. Wakaanza kumiminika na vifurushi. Huyu viatu vya shemejiye, huyu maziwa ya kopo ya mjukuu, yule mashuka, yule simu ya mdogo wake imefungwa ndani ya soksi. Katibu wa chama chetu akaleta koti zima la suti, kwenye hanga, akaagiza lisikunjwe. Pimamaji alikuwa ameweka chini ya begi nyundo yake ya mpira, mwiko na kikatio. Alikusudia kumtandikia mama yake vigae chumbani, kwa mkono wake. Uzito ukazidi. Nikamwambia toa hilo koti. Akasema, "Shemeji, nitaonekana nina roho mbaya." Akatoa zana zake, akazisukuma chini ya kitanda. Nilimtukana, naye akanisikiliza kwa heshima zote.

Tulimsindikiza mimi na mume wangu mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Akatupungia mkono. Tukakaa tunywe soda, tuiangalie ndege ikiruka. Iliruka. Tukapiga na makofi, wajinga sisi.

Yeye alikuwa bado yuko chini. Alipofika kwa ofisa wa uhamiaji, ofisa akaiweka pasi kwenye mashine, akasoma, akamtazama, akasoma tena.

"Mwenye pasi hii yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Mwenye pasi hii hana vidole."

Pimamaji akadhani hakusikia vizuri. Ofisa akamgeuzia kompyuta aone. Picha yake ile pale, jina lake, tarehe yake, na kwenye mstari wa alama: vidole vyote havipo, vimekatika. Ndivyo yule karani mpole alivyompitisha. Mashine yao haikubali mtu mwenye vidole visivyosomeka, inamkubali aliyekatika. Basi akamkata vyote, kwa huruma, kwa kubonyeza.

"Inua mikono," ofisa akasema.

Akaiinua. Ofisa akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita mwingine, wakavihesabu kwa sauti, wakacheka mpaka mmoja akavua kofia. Mmoja akamwambia, "Hongera, vimeota." Halafu kicheko kikaisha, maana mtu anayesafiri kwa pasi ya mtu mwingine ni mhalifu. Wakampeleka chumba cha ndani. Alijieleza weee, mpaka sauti ikakauka. Aliomba waangalie uso. Wakamwambia nyuso zinafanana siku hizi, ndiyo maana wanataka vidole. Pasi wakaizuia, yeye wakamwachia kwa kuwa kibali chake cha kukaa kilikuwa halali. Kwa hiyo anaruhusiwa kuwa hapa, haruhusiwi kuondoka.

Alirudi kwa miguu kutoka stendi, anakokota lile begi. Na asubuhi yake, jamani, asubuhi yake! Nilidhani watu wanakuja kumpa pole. Walikuja kuchukua mizigo yao.

"Pole sana, fundi," anasema mmoja, huku mkono uko ndani ya begi. "Yale mashuka hayajachafuka?" Mwingine anamwuliza kama anajua nani anasafiri hivi karibuni. Katibu akalinyanyua koti lake mbele ya dirisha, akaona mkunjo, akasonya. Kwa Mungu nilitaka kumvisha lile koti na hanga yake. Nilimwambia, "Mama wa mtu yuko kitandani anakata roho, wewe unaangalia mkunjo?" Akanijibu, "Dada, na mimi nina harusi ya watu." Wakaondoka mmoja mmoja. Begi likabaki na mashati yake mawili na khanga ya mama yake.

Tukaenda wote ubalozini. Yule kijana alipotuona alisimama, akavuta viti. Akasikiliza, akashika kichwa, akasema pole kwa moyo, nakiri, hata macho yalimlowa.

"Basi futa," nikamwambia. "Andika anavyo."

"Kufuta kunawezekana, dada. Ila mfumo unadai uthibitisho kwamba vidole vipo."

"Si hivi hapa? Mguse!"

"Unadai alama zake."

Pimamaji akaweka mikono yote miwili mezani, taratibu, kama anaweka kigae. "Kijana wangu," akasema, "ukinisaidia tena nitakufa."

Akaacha kazi ili ngozi irudi. Msimamizi wake kazini hakumsubiri, alichukua fundi mwingine siku hiyo hiyo. Akawa anashinda saluni kwangu na glovu zake za nailoni, hafanyi lolote, haoshi hata kikombe. Wateja wakaacha kumtania.

Ni pale pale saluni simu ilipoingia, mchana. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu nusu kimesukwa. Pimamaji hakuweza kubonyeza na zile glovu, nikambonyezea mimi, sauti ikatoka kubwa tukaisikia sote. Kaka yake.

"Mdogo wangu, mama anaondoka. Daktari ameshakata tamaa. Lakini hatulii, anakuita. Tumemwambia umefika."

"Mmemwambia nini?"

"Tungefanyaje? Binamu yetu yule wa benki nimemkalisha kitandani kwake. Haoni, hatajua. Wewe zungumza, nimeweka simu kwenye mto, sauti itakuwa yako. Mkono atashika wa binamu."

Yule mteja wangu akashika mdomo. Pimamaji alisimama, akakaa, akasimama. Nikamwambia, "Sema naye, shemeji. Sema naye."

"Mama," akasema. "Nimefika."

Tukasikia mtu anahema kwa shida, halafu sauti ya bibi kizee, nyembamba, lakini ina nguvu kuliko nilivyotegemea. "Mwanangu. Nipe mkono."

Tukasikia kule anapapasa.

"Laini," mama akasema. "Loo, laini hivi. Hata kovu hakuna." Akakohoa. "Mimi kumbe nilikuwa nalala nalia, nasema mwanangu anateswa na kazi, ndiyo maana haji. Kumbe umekaa kitako. Mkono wa mtu aliyeshiba huu."

"Mama..."

"Kama ulikuwa unastarehe, kwa nini hukuja kuniona?"

Pimamaji akanitazama. Nilitaka kumpokonya simu nimwambie yule mama kila kitu, karani, mashine, sakafu za watu. Lakini ningemwambia nini? Kwamba mkono alioushika si wa mwanawe? Pimamaji aliviangalia vidole vyake ndani ya zile glovu, vimevimba kwa mafuta.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilinogewa na starehe."

Kaka yake akaichukua simu, akanong'ona, "Ameutoa mkono. Kageukia ukutani."

Akafa hivyo hivyo, jua halijazama, uso ukutani.