Nilibadilisha Majina Yote Isipokuwa la Ng'ombe

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usipate shida ya kunitafutia sababu, maana mimi mwenyewe nimezitafuta tangu mvua zilipoanza na hakuna hata moja iliyosimama.

Nina duka la steshenari hapa Bulyaga, Tukuyu. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nauza madaftari. Watakaonijua basi wanijue. Ila moyoni mimi ni mwandishi. Niliandika riwaya ya vijana kuhusu binti wa kidato cha tatu anayeitwa Subi, ana mdomo huyo, lakini siri ya mtu haimtoki. Nikaichapisha kwa nguvu zangu mwenyewe. Vitabu vikaja kwa maboksi, vikapangwa nyuma ya mashine ya kopi, vikakaa hapo vikinitazama.

Wenzangu wa mijini wanatangaza vitabu kwenye simu. Wasomaji wangu mimi wako shuleni, na shuleni simu haziruhusiwi. Nikachukua katoni ya biskuti, nikaifunika kwa karatasi ya zawadi, nikatoboa tundu juu, nikaandika kwa maka peni: SANDUKU LA SUBI. Chini yake nikaongeza: Mwandikie Subi. Anasoma peke yake.

Hayo maneno "peke yake" yashike. Niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, na wino wenyewe ni ule usiofutika.

Wee, watoto waliandika! Shule ya kwanza nilipoliacha sanduku, nilirudi wiki iliyofuata nikalikuta limejaa mpaka tundu limeziba. Wanamuuliza Subi habari za hisabati, za chunusi, za mama wa kambo, za mvulana wa kwaya. Nikifunga duka jioni nakaa kuwajibu, najifanya Subi, mpaka mwandiko naugeuza uwe wa kitoto. Vitabu navyo vikaanza kutoka. Nilifurahi sana, nisidanganye.

Kati ya barua hizo ilikuwemo ya binti mmoja. Nitamwita Neema. Kata yake siitaji. Anayetaka kukisia kuwa ni Masukulu au kwingine, akisie tu, sitamjibu.

Neema anaishi na bibi yake mzaa baba. Baba alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, kisha akawa kimya. Bibi ana simu ndogo ya batani, ameifunga kwenye kitambaa, na kusoma hajui. Kila jioni wakimaliza kusali anamkabidhi mjukuu ile simu: hebu angalia kama baba yako ameandika. Hajaandika. Siku moja Neema akaona huruma, akasoma kitu ambacho hakikuwepo. Akasema baba anasalimia, anauliza mgongo wa mama unaendeleaje. Bibi alilala ameridhika. Basi kesho yake Neema akasoma tena.

"Subi," aliandika, "sasa ni mwaka wa pili. Nimemfanya baba awe mtu mzuri sana, mpaka na mimi namkumbuka hivyo. Juzi ameuliza habari za Bwana Afya, bibi akacheka mpaka akatoa machozi. Nikiacha, bibi atajua. Nikiendelea, nasema uongo wakati hata amina haijapoa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Bwana Afya ni ng'ombe wao wa maziwa. Ni jike, lakini walimwita hivyo kwa sababu akikata kamba tu anaingia nyua za watu moja baada ya nyingine, anachungulia majiko, kama aliyetumwa kukagua usafi.

Nilicheka, kisha nikalia. Nikamjibu kama Subi kwamba aendelee kwanza, nafikiria. Kweli nilikuwa nafikiria, ila sikuwa namfikiria yeye. Nilikuwa nafikiria jinsi barua ile ilivyoandikwa vizuri.

Wiki ile ile mtangazaji wa redio moja ya huku kwetu akanipigia. Ana kipindi cha vijana Jumamosi mchana. Akanialika nije nitangaze kitabu.

"Ila dada, ukianza na mambo ya vitabu tu, watu watatuzima," akasema. "Njoo na kitu cha kuwagusa."

Nilikuwa na barua nyingi. Nilichukua ya Neema.

Nikakaa na kalamu nikaisafisha. Jina nikalibadilisha, shule nikaitoa, kidato nikakipandisha, machimbo nikayafanya kuwa bandari. Nikafika kwa ng'ombe. Nikamkata. Nikaisoma barua kwa sauti, ikawa imepooza. Nikamrudisha. Nikamkata tena, nikamrudisha tena. Ningempa jina jingine, lakini kila nililomjaribia halikuchekesha. Nikajiambia, nani atajua, ng'ombe wa watu wako wangapi wilaya hii? Nikamwacha.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikuwa macho kabisa, kalamu mkononi.

Redioni mambo yalikwenda kama nilivyotaka. Mtangazaji alicheka kwenye Bwana Afya, halafu akasafisha koo. Wasikilizaji wakatuma ujumbe kuuliza kitabu kinapatikana wapi. Nilitoka mle natembea kama mtu aliyepewa cheo.

Saa ile ile bibi yake Neema alikuwa barabarani na majirani zake, wamekaa juu ya mikungu yao wakisubiri gari la kununua ndizi. Nyuma yao kuna kiduka, na kiduka kina redio. Ng'ombe alipotajwa, jirani mmoja akamgusa bega: "Mama, si Bwana Afya wako huyo?" Wote wakacheka. Walicheka kabla hawajaelewa kinachosomwa. Walipoelewa, walianza kuangalia ndizi zao.

Mimi hayo sikuyajua mpaka Jumatatu, Neema alipokuja dukani na sare zake. Sikuwahi kumwona kwa karibu. Alinisalimia shikamoo kwa adabu zote, akaweka kitabu changu juu ya kaunta. Ndani yake alikuwa amepanga majibu yote ya Subi.

"Kwani hukukipenda?" nikamuuliza, mimi mpumbavu.

"Nilikipenda, anti."

"Sasa?"

"Mimi nilimwandikia Subi."

"Subi si ndiye mimi, mwanangu."

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. "Hapana," akasema. "Subi asingesoma redioni."

Akanieleza ya barabarani kwa maneno machache, akaaga, akaondoka. Mteja alitaka kopi mbili za cheti, nikamtolea sita.

Tangu hapo sijatulia. Naenda mlangoni, narudi. Nafungua daftari, nafunga. Mume wangu akaniuliza kama nimepoteza kitu, nikamwambia stepla.

Siku nne baadaye bibi akaja mwenyewe. Mwanamke mfupi, kanga mbili, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akakaa kwenye benchi la wateja, akanisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, mwanangu."

"Ndaga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia wewe ndiye unayesoma barua za watu. Nisomee na mimi."

Akafungua kitambaa, akanipa simu. Mwanamume aliyekuwa akisubiri kopi zake akasema atarudi baadaye, akatoka taratibu.

Nikasoma. Kilichokuwepo tu. Kampuni ya simu inamshauri ajiunge na kifurushi cha wiki. Kampuni inamshauri tena. Katibu wa akina mama wa kanisa anakumbusha zamu ya kufagia. Halafu ile ya wale matapeli: ile hela nitumie kwenye namba hii.

"Huyo nani?" bibi akauliza.

"Tapeli, bibi. Hakujui."

"Hanijui, na ameniandikia."

Nikashuka mpaka chini kabisa. Huko kulikuwa na ujumbe mmoja wa mwanawe, wa tangu alipoondoka. "Mama nimefika. Nitapiga." Nikausoma. Akaniambia niurudie, nikaurudia. Ulimi ukaniwasha kuongeza neno, hata salamu moja tu. Naishi kwa kutunga, jamani, ningeshindwaje? Lakini alikuwa ananiangalia mdomo.

"Bwana Afya hakumuulizia?"

"Hakumuulizia, bibi."

Akachukua simu, akaifunga kwenye kitambaa, pembe moja moja, polepole.

"Mjukuu wangu anasoma vizuri kuliko wewe," akasema.

Nikamwomba msamaha. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kilichomleta, na si matusi niliyokuwa nayasubiri. Tangu Jumamosi ile Neema hamsomei tena. Jioni ikifika bibi anamnyooshea simu, naye anasema macho yanamuuma. "Nimemwambia, soma hata hizo za uongo. Hataki. Tunamaliza kusali, tunakaa, tunaangalia moto. Nyumba imekuwa ya mtu na mgeni."

Akataka nimwandikie Neema. Nikamwambia Neema hamwamini tena Subi.

"Basi andika kama wewe. Mahali popote, huyo anasoma kila karatasi, hata iliyofungiwa vitumbua. Ila safari hii ng'ombe wangu mwache."

Ndiyo maana naandika hapa. Nimeianza barua hii mara nyingi, nachana. Neema, ukikutana na haya: bibi yako anajua yote, na hajakasirika. Anamjua mwanawe kuliko wewe na mimi. Anayemhitaji jioni ni wewe na sauti yako. Mnyime mtu mwingine, mnyime hata huyu anayekuandikia, ila yeye msomee.

Sijui kama ameanza. Kila mtoto mwenye sare akipita mlangoni nainuka. Shule nyingine imeniletea sanduku lililojaa, liko chini ya kaunta, sijalifungua wala sijui nilirudisheje. Kwenye katoni bado pameandikwa anasoma peke yake.

Na wewe unayeandika, unayetangaza, mwalimu, mtu wa kanisa, yeyote anayeaminiwa na watoto: usijidanganye kwamba ukibadilisha jina umemficha mtoto. Tafuta lile jambo kwenye siri yake ambalo umelipenda mno huwezi kuliacha. Hilo ndilo litakalomtaja, na hilo ndilo ulitoe.

Mimi safari hii nimelitoa. Ng'ombe yule haitwi Bwana Afya. Jina lake la kweli ni zuri zaidi, lingewachekesha zaidi, na sitalisema.