Hesabu ya Ofwono Ukutani

Ofwono, Mpadhola wa Kiyeyi, alirudi Tororo kutoka kozi ya umeme Jinja na vitu viwili: kipande cha chaki na shingo isiyopinda. Ulikuwa mwaka 1956, nguzo za umeme bado mpya, zikinuka lami. Kila aliyekutana naye alichorewa hesabu. Volti gawa kwa ampea, unapata ukinzani. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati. Alichora kwenye mlango wa bucha, kwenye kiti cha kinyozi, na siku moja kwenye ubao wa jeneza uliokuwa ukisubiri misumari. Kazi hakuwa nayo. Waliomwajiri walimchoka upesi, maana balbu haiwaki kwa kuhutubiwa.

Aliyemlisha ni mkewe Elinah, Msamia wa Masaba, aliyekaanga mihogo sokoni. Habari zikamfikia mama yake Elinah, Taaka, naye akaja kumrudisha bintiye nyumbani.

Kwa desturi, Taaka hakuweza kuingia nyumba ya mkwe wake. Hawakuruhusiwa kuonana uso kwa uso, na mkwe hagusi nguo ya mama mkwe. Kwa hiyo alifikia chumba cha jirani, kwa Mastula, fundi cherehani. Ukuta kati ya vyumba viwili haukufika kwenye mabati, na maneno yalipita juu. Msamia na Mpadhola hao walitukanana kwa Kiswahili, kila mmoja akimtuma Elinah, ingawa wote walisikiana vizuri.

"Elinah, mwambie mume wako kesho tukitoka kanisani tunapanda lori la Busia."

"Elinah, mwambie mama asifungashe. Kesho ataringa kwamba ana mkwe."

"Mwambie nimengoja kuringa tangu mvua za mwaka juzi."

Jumamosi hiyo mchana Taaka alitaka kunyoosha gomesi yake, gauni lake refu la kanisa. Mastula akaanza kuwasha mkaa. Ofwono akasikia, akapata nafasi yake ya kuokoa ndoa.

"Mkaa wa nini, na Mastula ana pasi ya umeme?"

Ni kweli alikuwa nayo. Aliinunua kwa misheni moja iliyokuwa na dainamo yake, na hakuwahi kuichomeka. Ofwono hakuweza kwenda kuitazama, kwa kuwa mama mkwe alikuwa humo. Akaomba asomewe kibao cha namba kilicho kwenye pasi.

"Volti mia na kumi," Elinah akasoma. "Ampea tano."

Chaki ikalia ukutani. "Ukinzani, omu ishirini na mbili. Nguvu, wati mia tano hamsini." Hadi hapo alikuwa sahihi. Hata kasuku husema ukweli akifundishwa. "Sasa, umeme wa Tororo ni volti mia mbili arobaini. Wati mia tano hamsini, gawa. Ampea mbili na kidogo. Umeona? Umeme ukiwa mkubwa, pasi inakula kidogo. Chomekeni."

"Na ikiungua, shemeji?" Mastula akauliza.

"Kuungua kuna kanuni zake, dada."

Waya wa ndani ya pasi haukwenda kozi. Ulikuwa omu ishirini na mbili kule misheni, na ni zilezile hapa. Ukiusukuma kwa volti mia mbili arobaini, zinapita karibu ampea kumi na moja, na nguvu inakuwa wati zaidi ya elfu mbili na mia sita. Zile mia tano hamsini zilikuwa za misheni, zikabaki misheni. Lakini Ofwono alidhani wati ni kama jina la mtu, kwamba mtu akihama huhama nalo.

Fyuzi ya ampea tano kwenye kisanduku cha barazani ilimshinda akili. Ilikatika papo hapo.

"Elinah, muulize kwa nini kitu kimekataa."

"Mwambie kimezeeka, kama wengine."

Badala ya kurudi kwenye hesabu yake, akasokota waya mnene akaubana mahali pa fyuzi. Kule ndani Mastula akaishusha pasi kwenye gomesi. Kitambaa kikaguna, moshi ukapanda juu ya ukuta, na alipoivuta pasi, kifua cha gomesi kilikuja nayo.

Ofwono alisahau kila kitu. Aliingia mbio, akasimama ana kwa ana na mama mkwe aliyejifunga leso tu, akainyakua gomesi inayowaka na kuikumbatia aizime.

Taaka akageuka, akatazama ukuta.

"Elinah," akasema taratibu, "fungasha. Kanisa hatungoji."

Ofwono alirudi chumbani kwake. Akafuta ukuta kwa mkono wa shati, akahesabu hadi jioni, mwishowe akagawa mia mbili arobaini kwa ishirini na mbili. Uso ukamng'aa.

"Elinah, nimeona kosa. Hesabu imetoka."

Cherehani ya jirani ikanyamaza. "Lori limeshaondoka, shemeji," Mastula akasema juu ya ukuta. "Huna wa kumtuma tena."

Ofwono akausogelea ukuta, chaki mkononi.

"Na pasi?" akauliza. "Ipo bado? Nataka nikione kile kibao mwenyewe."