Baki la Kitambaa Chekundu

Mdogo wangu wa kike aliandika programu ya kukata vitambaa kwa sababu mwalimu wake wa chuo, huko Mtwara, alitaka kila mwanafunzi atatue tatizo la nyumbani kwao. Nyumbani kwetu Mkomaindo tatizo ni mimi, fundi cherehani, niliyeacha shule kidato cha pili wazazi walipofariki. Kama angefeli, angerudia mwaka, na mdogo wetu anayemfuata angeendelea kungoja zamu yake ya kusoma.

Tukaijaribu kwa kazi ya kweli. Mama mmoja wa Newala alikuwa ameagiza mikanda myekundu ya kuwafunga wajukuu wake kiunoni wakitoka jandoni. Kitambaa kilikuwa mita moja, kila mkanda upana wa sentimita kumi. Mdogo wangu akaingiza 1.0 na 0.1. Kompyuta ikajibu: vipande tisa, baki 0.1.

Nikakata tisa. Baki nikaliweka kando, kama nilivyoelekezwa.

Mama akaja, nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona tisa? Wajukuu wangu kumi."

"Kitambaa kimeishia hapo, mama."

"Na hicho?"

"Hicho ni baki."

Akakilaza juu ya mkanda mmoja. Vikalingana. "Haya, fundi. Wa kumi nitamvika baki."

Alipoondoka, mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameinamia kompyuta.

"Ni hii fmod," akasema. Ndiyo amri ya C, lugha ya kuandikia programu, inayotafuta baki la namba zenye nukta. "Kompyuta haina moja ya kumi kamili, kaka. Yake imezidi kidogo mno, basi kipande cha kumi hakikuenea."

"Imezidi kiasi gani?"

"Mkasi wako hauwezi kukikata."

Akaiondoa, akaweka nyingine, remainder, ambayo huangalia idadi ya vipande iliyo karibu zaidi, hata kama kitambaa kinapungua. Kompyuta ikaandika -0.0.

"Sasa tumepungukiwa sifuri?"

"Kaka, kashone."

Akaongeza mistari: upungufu wa kweli ukitokea, kipande kimoja kipunguzwe; na baki likiwa karibu mno na sifuri, liandikwe sifuri. Kisha akarudi chuoni.

Siku ya mtihani alinipigia simu.

"Mwalimu kaingiza 1.0 na 0.1 hata sijakaa."

"Ikasemaje?"

"Kumi. Baki sifuri. Nimefaulu."

Nikamwita mdogo anayefuata nimpime shati la chuo. Nilitumia futi.