Sakafu Aliyoikataa Mama

Juzi nilipita nyumbani kwa jirani nikamkuta fundi akiyeyusha nta ya nyuki kwenye mkebe uliokaa ndani ya sufuria ya maji moto. Alipouepua akamimina ndani mafuta ya taa kidogo, na ile harufu ikanifikia mlangoni: tamu kwanza, kisha kali, halafu inakaa puani kutwa. Nilisimama pale kupita kiasi cha adabu. Kwa watu wengi hiyo ni harufu ya nyumba yenye neema. Kwangu mimi ni harufu ya ugomvi, ugomvi ambao ndani yake hakuna aliyepaza sauti.

Kwetu ni upande wa Kabianga, ambako mvua hufika baada ya chakula cha mchana kama mgeni anayejua ratiba ya nyumba. Miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru, wakulima wadogo walikuwa wameanza kupanda majani chai, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Chai ilipoanza kuleta kitu, wenzake walinunua ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Wengine waliezeka mabati. Baba alitaka sakafu ya mbao.

Alikuwa ameiona wapi? Kabla ya kupata shamba lake, alikuwa seremala kwenye shamba kubwa la Wazungu, na mama alifanya kazi ndani ya nyumba ya meneja. Siku moja baba alitumwa kurekebisha madirisha ya sebule. Aliikuta sakafu nyekundu iliyokolea, inang'aa hata miguu ya viti inaonekana mara mbili. Alipenda kuwaambia wageni kwamba siku hiyo alipenda vitu viwili kwa mkupuo, sakafu na msichana aliyekuwa akiisugua. Wageni walicheka. Mama naye alikuwa akiinuka kwenda kuongeza maziwa kwenye chai.

Mbao zetu zilitoka kwenye mzeituni mwitu uliokuwa mpakani mwa shamba, mti mkongwe ulioangushwa na upepo. Baba aliukagua akapiga mbinja. Watu walimshauri atumie mkaratusi, kwani upo tele na unapasuka kirahisi, lakini yeye alisema mkaratusi hujikunja kama mtoto anayeogeshwa. Alimwita fundi Zakayo, rafiki yake kutoka Maragoli tangu kazi ya shamba la Wazungu, wakachimba shimo, wakaliweka gogo juu yake na kulipasua kwa msumeno mrefu, mmoja juu, mwingine chini akila unga wa mbao. Kisha mbao zikapangwa kibandani, vijiti katikati ili hewa ipite, zikakaa. Mvua ndefu zikapita. Baba alikuwa akienda kuzigonga kwa kidole na kusikiliza. "Mbao haina haraka," alikuwa akituambia sisi tulioharakisha kuhamia nyumba mpya.

Kwenye nyumba yetu ya zamani mama alikuwa akisiriba sakafu kwa udongo na samadi, akiinama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, mkono ukichora nusu mwezi baada ya nusu mwezi. Ilikuwa kazi, na aliifanya akiimba nyimbo za kanisani. Baba alipomwambia kwamba kazi hiyo sasa itaisha, alijibu tu kwamba samadi haijawahi kumsumbua.

Nyumba mpya ilisimama juu ya vigingi vya mwerezi, kila kigingi kikiwa na kofia ya bati ya kuzuia mchwa. Juu yake wakalaza boriti, na juu ya boriti zile mbao, ubavu mmoja una ulimi, mwingine una mfereji, zinavaana, na msumari unafichwa ndani ya kiungo. Randa iliimba wiki nzima. Mwishoni walisugua kwa msasa, wakapaka nta, na rangi iliyotokea mimi sijawahi kuipatia jina: kahawia yenye michirizi myeusi, kama mursik, maziwa yetu ya kugandisha, yaliyokorogwa na majivu mengi, ila yenye moto ndani.

Masharti yakaja pamoja na sakafu. Viatu vilibaki barazani. Miguu ya viti ilivikwa raba ya gurudumu kuukuu. Maji hayakumwagwa kabisa, maana mbao ikilowa huvimba. Kilichotakiwa ni ufagio laini, kitambaa kikavu, na nta kila baada ya muda.

Mama alifagia. Alipangusa. Lakini baba alipouacha mkebe wa nta na kitambaa kando ya mlango, kesho yake tulivikuta stoo. Baba akavirudisha. Vikarudi stoo tena. Hivyo hivyo, bila neno, mpaka sehemu ya karibu na mlango, ambako mvua ilirushwa na upepo, ikaanza kupauka kama kisigino.

Ndipo baba akaniita mimi. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu hivi, na kwangu ilikuwa heshima. Alinionyesha kuchota nta kidogo tu na kusugua kufuata mkondo wa mbao, si kuukata. Nilikuwa nimepiga magoti karibu na dirisha, nikijiona katika mbao kama kivuli kidogo, mama alipoingia kutoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni. Alikitua. Alinishika mkono wa juu, akanisimamisha.

"Huyu hapana," alimwambia baba.

Baba akasema hii ni sakafu yetu wenyewe, si ya Mzungu.

"Magoti hayajui sakafu ni ya nani," mama alisema, akachukua kikapu chake akatoka.

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilikuwa upande wa baba, na hata nyanya, mama yake baba, alikuwa upande huo. Alisema mama Chebet, Chebet nikiwa mimi, amepata nyumba ya mbao na kichwa chake kimekuwa cha mbao pia. Majirani waliongeza yao. Mwanamke ambaye mumewe amemjengea vile, kisha anamwachia sakafu inakufa! Kwa majuma mengi wazazi wangu waliongea kuhusu ng'ombe na chai peke yake. Nilisikia nyanya akimshauri baba amrudishe mama kwao kwa muda, apate kufikiri. Mimi nilianza kuogopa kutoka shule, nisije nikafika nikute kitanda cha mama kitupu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na zamu ya ibada ya nyumbani ilipotufikia, wageni walitarajiwa hata kutoka Sigor. Asubuhi ya siku hiyo nilitumwa kuleta vikombe kutoka sebuleni. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilipousukuma, nilimwona baba yangu, mwanamume mzima aliyepitia jando, amepiga magoti mikono ya shati imekunjwa, akisugua. Aliniangalia, akaendelea. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mahali petu, wakati ule, mwanamume alipiga magoti kwa Mungu tu.

Bahati ikawa mbaya: wageni wa Sigor walipata lori lililowahi. Wazee watatu wakapanda barazani, wakatazama ndani, na kilichowapokea kilikuwa mgongo wa baba. Yule mkubwa wao aliuliza kwa upole kama mama watoto ni mgonjwa.

Hapo angeweza kusema ndiyo. Nilimwombea aseme ndiyo. Mambo yangeisha na heshima yake ingebaki.

"Ni mzima," baba alisema, bado chini. "Yuko jikoni. Alisugua sakafu za watu miaka mingi. Hii ni yangu mimi."

Kisha akawaomba wavue viatu na wangoje kidogo, nta ikauke. Wazee wakabaki barazani na soksi zao, moja ikiwa imetoboka kidole gumba, wakiangalia mashamba ya chai kana kwamba hawajawahi kuyaona. Mama alikuwa amesimama kwenye njia ya jikoni na birika mkononi. Alikuwa amesikia. Akapanda, akamimina kikombe cha kwanza, na badala ya kumpa mgeni, akaingia ndani kwa baba. Mikono ya baba ilikuwa myeusi kwa nta. Mama akamshikia kikombe, baba akanywa.

Habari ilienea. Sokoni walimwita Mzee wa Kitambaa, na jina hilo lilimfuata mpaka mvi. Baadaye yeye na Zakayo walitengeneza kisanduku kizito chenye mpini mrefu, chini wamekivika gunia, na kwa kukisukuma mtu aliweza kung'arisha sakafu akiwa wima. Kilipokuja hicho, mama alikishika bila kuambiwa.

Nilikuwa mtu mzima, nina nyumba yangu na msichana wa kunisaidia kazi, nilipomuuliza mama kilichokuwa kimemkaa moyoni. Tulikuwa tunachambua mboga barazani. Alinijibu bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

"Yule memsabu, mke wa meneja, hakuwa mbaya," alisema. "Kila asubuhi alinisalimu nikiwa magotini nasugua. Halafu akaniruka, vile unaruka mfereji, akaenda zake. Hata nikiwa na mimba yako."

Nikauliza kama baba alijua.

"Sikumwambia. Na wewe usimwambie."

Sikumwambia. Baba alikufa miaka michache baadaye, na nina hakika hakujua. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Utotoni niliamini kwamba baba alishindwa. Baadaye, nilipopevuka kidogo, nikadhani kwamba lazima mama alimweleza siri fulani hata akapiga magoti vile mbele ya watu. Kumbe hakuelezwa chochote. Aliona tu kwamba mkewe hataki, na ikamtosha.