Sanduku ya Rangi Niliyoitupa mu Mvua

Mimi nilisoma mpaka darasa ya tatu ya primere, kisha wakanipa jembe. Njo maana mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu, anayeniita Koko, nyanya yake, alipoingia tano ya sekondari upande wa sayansi, nilijigamba mpaka watu wa mtaa wetu wa Nyalukemba wakachoka. Tukiongelea sombe ya kupika, mimi naingiza mujukuu.

Juma ile alikuwa anatengeneza sanduku. Kila mwanafunzi alipaswa kuonyesha profesa wa fizike kitu aliyofanya na mikono yake. Yeye alichukua kartoni ya viatu, akaipaka ndani weusi ya makala ya kupikia, akaipasua tundu nyembamba na wembe, na shimo ya kuchungulia, akabandika mule kipande ya diski ya muziki ya zamani. Unaweka jicho pa shimo, unaelekeza tundu ku mwangaza: nyekundu, kijani, buluu, zote zimejipanga. Nilipiga kelele.

"Umeficha wapi hii marangi?"

"Sikuficha, Koko. Nuru nyeupe iko nayo yote. Diski inaitenganisha tu. Nuru ni mawimbi."

"Mawimbi bila maji? Njo munafundishwa kule?"

Akacheka. "Wamama wanaotoka soko ya Mudaka na mizigo wanatembea namna gani?"

"Hatua fupi-fupi, mbio."

"Buluu iko vile. Nyekundu hatua zake ni ndefu kidogo. Na ile inayoleta sauti mu radio yako ni ndugu yao, ila hatua zake ni ndefu sana, jicho haiwezi kuiona."

Nilimuambia radio yangu ni radio, aiache.

Alhamisi, yeye alikuwa ku masomo, sanduku imebaki pa dirisha. Saa kenda mbingu ikawa nyeusi juu ya ziwa, na radio ikaanza kukohoa: krr, krr. Kwetu, radio ikikohoa vile, unajua kazi: kioo inafunikwa, nguo nyekundu inavuliwa, hakuna kugusa sufuria, radi isikutafute. Nikafunika kioo na kikwembe, kitenge yangu. Kugeuka, naona ile diski inangaa mu sanduku, inatazama mbingu kama inaita mutu. Radi ikapiga. Sikufikiri. Nilifungua mulango, nikaitupa inje pa lupango.

Mvua ikaikula.

Aliporudi, kartoni ilikuwa imekuwa uji. "Koko, nani aliitoa inje?"

Mimi, mama wa kanisa, nikamuangalia mu macho. "Upepo. Iliichukua pa dirisha."

"Basi ni kosa yangu," akasema. "Ningeiweka chini ya kitanda."

Hakulia. Aliokota diski, akaipanguza na jupe yake, sketi ya masomo. Angelia, ningepumua.

Kesho yake alienda mikono mitupu, akarudi na zero. Profesa alisema kila mwaka upepo ya Bukavu inapenda sana kazi za wanafunzi. Na zero mu fizike inaweza kumurudisha mutoto mwaka nzima. Siku ile sikujigamba kwa mutu.

Jioni tulikaa pa mbabula, jiko ya makala. Nikamuuliza kwa nini radio inakohoa mbele ya mvua. Alijibu bila nguvu.

"Radi inatupa mawimbi kila upande. Radio inayapokea."

"Yanaingia mu nyumba?"

"Unaposikia krr, yameshapita hata ndani yako, Koko."

"Hata kioo ikifunikwa?"

"Hata. Yenyewe hayakuiti, hayakutafuti."

Moto ya makala ilinichoma uso. Nikasema: "Haikuwa upepo. Mimi niliitupa. Niliogopa ile diski."

Aligeuza makala moja, tena ingine. "Koko, niliomba profesa msamaha mbele ya klase yote. Kwa uzembe wangu."

 

Siku ya posho, Jumamosi, nilivaa kikwembe ya Pasaka, nikapanda naye ku masomo. Profesa akanipa nafasi mbele ya ubao. Mara ya mwisho niliposimama pa ubao, nilikuwa nachapwa. Nikasema: "Huyu mutoto hana kosa. Radio yangu ilikohoa, nikaogopa radi, mimi nikaitupa kazi yake mu mvua, kisha nikamudanganya."

Wanafunzi wakacheka. Mumoja nyuma akauliza: "Koko, na radio uliitupa?"

"Ile ni ya marehemu bwana yangu," nikajibu, wakacheka zaidi. Profesa hakucheka. Alisema mutoto alete sanduku ingine siku ya kwanza, Jumatatu.

Mujukuu wangu alikuwa anaangalia meza. Kurudi, alitembea mbele yangu, hatua ndefu, hakuningojea.

Yenga, ile Jumapili, kisha misa, tulifanya ingine. Mimi nilipaka makala, wembe hakuniachia. Akaiweka pa dirisha ikauke, akaenda kuchota maji.

Radio ikakohoa.

Kioo nilifunika, siwadanganye. Sanduku niliiacha pale pale, diski inangaa, nikaketi pembeni yake mpaka mvua ikaisha.